TUMBO LILILOFUNGA HALINGOJI MAPAMBAZUKO

Kuanzia tarehe 27 Desemba 2007 hadi tarehe 30 Julai 2009, watu 577 walihesabiwa kuwa wameugua homa ya matumbo katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Hesabu hiyo peke yake isingaliwashtua sana wakuu wa afya, kwani homa ya matumbo si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Lililowashtua ni hesabu ya pili iliyofuatana nayo. Katika watu hao 577, watu 249 walikuwa wametoboka utumbo. Waliolazwa hospitalini walikuwa 289, na waliokufa walikuwa 47.

Askari aliyezoea kusoma ripoti ataona mara moja kwamba hesabu hizo zina kasoro mahali fulani. Katika maradhi haya kutoboka kwa utumbo ni jambo la nadra. Katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, kwa kawaida wanaofikia hali hiyo ni wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kasese walikuwa zaidi ya 40 katika kila wagonjwa 100 waliojulikana. Ama kijidudu kilikuwa kikali kupita kiasi, ama wagonjwa wengi hawakuonekana kabisa mpaka utumbo ulipokwisha toboka. Wataalamu waliochunguza jambo hili mwaka 2009 waliona kuwa jibu la pili ndilo lenye uzito. Walipouliza vijijini, walikadiria kuwa watu kama 8 katika kila 100 walikuwa wamepatwa na homa ya namna hiyo. Walio wengi hawakuandikwa katika daftari lolote, na tiba waliyoipata ilichelewa au haikutosha. Hata katika maabara, kati ya wagonjwa 81 waliopimwa, kijidudu chenyewe kilipatikana kwa 27 tu. Kwa hiyo maradhi yaliyoenea wilaya nzima yaligunduliwa kwa sababu madaktari wa upasuaji walikuwa wakifungua matumbo na kukuta matundu, siku baada ya siku.

Habari hiyo inawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko wanavyodhani. Askari hula pamoja, hunywa maji ya tangi moja, hutumia choo kimoja, na mara nyingi huwa mbali na hospitali wakati tumbo linapoanza kuuma. Zaidi ya hayo, katika sehemu nyingi za mpakani, askari ndiye mwenye gari na redio. Mwanakijiji anapobebwa usiku, mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kumfikisha kwa daktari huenda akawa ni konstebo katika kizuizi cha barabarani.

Wilaya ya Kasese imelala chini ya milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kina urefu wa meta 5,109. Barabara kuu inatoka mjini Kasese kwenda kusini mpaka Kikorongo, kwenye mstari wa ikweta. Hapo tawi moja linageukia magharibi, linapita upande wa Kisinga iliko hospitali ya Kagando, na kuishia Bwera, penye hospitali ya serikali, karibu kabisa na kituo cha mpakani cha Mpondwe. Anayeugua kando ya barabara hiyo ana bahati. Anayeugua huko juu, Kyondo au Kyarumba, hushushwa kwa machela ya miti juu ya mabega ya jamaa zake, na mvua ikinyesha mwendo huo huwa mrefu maradufu. Maji ya kunywa ya vijiji vingi huteremka kwa mserereko katika mabomba kutoka vijito vya mlimani, na mara nyingi hayatiwi dawa. Mto Nyamwamba ulifurika mwezi wa Mei 2013 ukaiharibu hospitali ya Kilembe, na mwezi wa Mei 2020 ukarudi kumalizia ulichokibakiza. Mahali pa namna hii, maji machafu na safari ndefu ya kwenda hospitali hukutana katika tumbo la mtu mmoja.

Utumbo wa mtu mzima, mwembamba na mpana kwa pamoja, una urefu upatao meta saba, nao umekunjwa ndani ya tumbo kama kamba ndani ya shanta ya askari. Umeshikizwa kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo kwa utando mwembamba, na ndani ya utando huo ndimo ipitamo mishipa ya damu. Chakula, maji na hewa husukumwa mbele kwa utumbo kukaza na kulegea. Njia ikizibwa, kila kitu hujazana nyuma ya kizuizi, na tumbo likavimba. Ikiwa ni njia tu iliyozibwa, daktari bado ana nafasi ya kutengeneza mambo. Lakini kama kizuizi ni msokoto, au ni ngiri iliyobana, mishipa ya damu nayo hubanwa pamoja na utumbo, na hapo hesabu si ya siku tena bali ni ya saa. Mishipa inayorudisha damu ina kuta laini, kwa hiyo hiyo ndiyo hubanwa kwanza. Mishipa inayoleta damu huendelea kusukuma. Utumbo hulowa damu, hugeuka rangi, kisha hufa. Utumbo uliokufa hutoboka, uchafu humwagika ndani ya tumbo, na mgonjwa hufa kwa sumu iliyoingia katika damu.

Msokoto huo si kitu cha ajabu katika Uganda. Mwaka 1968 daktari wa upasuaji wa chuo cha Makerere, J. J. Shepherd, alichapisha taarifa ya wagonjwa 425 waliosokotwa kipinde cha mwisho cha utumbo mpana. Hesabu ya namna hiyo kutoka nchi moja iliwashangaza madaktari wa Ulaya Magharibi, ambao huenda wakamaliza mwaka mzima bila ya kuona wagonjwa wengi wa aina hiyo. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha chapisha taarifa ya wagonjwa wengine 92 wa aina mbaya zaidi, ambao utumbo mwembamba ulikuwa umejizungusha kwenye kipinde cha utumbo mpana na kufunga fundo la kweli. Katika fundo hilo sehemu zote mbili hufa pamoja, na mtu aliyelala mzima jioni anaweza kuwa mahututi kabla ya adhuhuri.

Sababu za msokoto zinaeleweka kwa sehemu. Watu wengi wa nchi hizi wana kipinde kirefu cha utumbo mpana, ambacho miguu yake miwili imekaribiana mno, kama kitanzi cha kamba kilichoshikwa kwa vidole viwili. Kikijaa choo na hewa hulemea upande mmoja na kugeuka. Wagonjwa wengi ni wanaume. Chakula chenye makapi mengi hukijaza kipinde hicho, na inadhaniwa kuwa kula mlo mmoja mkubwa kwa siku, jioni, baada ya kushinda na njaa, husaidia kufunga lile fundo. Askari wa doria anaujua mlo wa namna hiyo. Lakini itakuwa kosa kuvilaumu vyakula vya nchi. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa jeshi la Waingereza katika Kenya na Somalia wakati wa vita vya pili vya dunia, alikuja Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye Mulago. Katika miaka ya 1970 alikuwa akiwaambia Wazungu kwamba makapi hayo hayo ya muhogo, mahindi na maharage ndiyo yanayowakinga Waafrika na maradhi mengi ya utumbo yanayowasumbua wao. Kinachofaa kubadilishwa ni saa za kula na wingi wa chakula kwa mara moja.

Majeshi ya zamani yaliyopanda farasi yalilijua jambo la utumbo kujisokota kuliko majeshi ya leo. Farasi ana utumbo mrefu mno, upitao meta ishirini, na sehemu kubwa yake inaning'inia huru tumboni; tena farasi hawezi kutapika, hivyo kilichoingia hakina njia ya kurudi. Kwa sababu hiyo mlinzi wa zamu katika zizi alifundishwa kutazama dalili: farasi anayeparapara ardhi kwa kwato, anayegeuza shingo kutazama ubavu wake, anayejilaza na kujibingirisha, asiyetoa mavi. Akiona hivyo alikuwa na amri ya kumwamsha daktari wa wanyama, hata kama ni saa tisa ya usiku. Siku hizi farasi wa thamani hulazwa chali juu ya godoro nene kwa dawa ya usingizi, miguu minne ikielekea juu, hupasuliwa katikati ya tumbo, na utumbo wake hutolewa nje, ukanyoshwa, au ukakatwa ukiwa umekufa. Akichelewa, hupigwa risasi ili asiteseke. Katika wilaya ya Kasese farasi ni nadra, na katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mbung'o na maradhi ya farasi viliwafagilia mbali wanyama hao. Lakini ile amri ya zizini ingefaa ibakie mabwenini. Ni vigumu kueleza kwa nini mlinzi aamshe daktari kwa ajili ya farasi, na sajini amwambie askari mwenye dalili zile zile angoje paredi ya wagonjwa ya asubuhi.

Mara nyingi hilo ndilo linalotokea, na sababu yake inajulikana. Kila kambi ina watu wanaotega kazi, na maumivu ya tumbo ndiyo maradhi yasiyoweza kuonekana kwa macho. Hata hivyo zipo alama ambazo mtegaji hawezi kuziigiza. Hawezi kulifanya tumbo lake livimbe na kulia kama ngoma likigongwa kwa kidole. Hawezi kutapika maji ya kijani mara kwa mara, na baadaye maji yenye harufu ya choo. Ulizo moja la wazi litamtambulisha mgonjwa wa kweli: lini mara ya mwisho alipopata choo, na lini mara ya mwisho alipotoa upepo? Ulizo hilo huchekesha bwenini, lakini kwa daktari ni la maana sana. Mtu ambaye tumbo limevimba, na tangu jana hakutoa choo wala upepo, ana utumbo uliofunga mpaka itakapothibitishwa vinginevyo.

Aliyesokotwa utumbo hugaagaa, kwa kuwa maumivu huja na kupoa na kuja tena. Aliyetoboka utumbo hafanyi hivyo. Yeye hulala kimya, amekunja magoti, hataki kitanda kitikiswe, na tumbo lake huwa gumu kama ubao. Katika homa ya matumbo jambo hilo hutokea aghalabu katika wiki ya pili au ya tatu ya homa. Kijidudu kikisha kumezwa pamoja na maji au chakula, hukaa katika vivimbe vidogo vilivyomo mwishoni mwa utumbo mwembamba. Vivimbe hivyo huota vidonda, na kidonda kimoja kikila mpaka upande wa pili, tundu limepatikana. Huenda lisizidi ukubwa wa punje ya mtama. Mara nyingine baada ya maumivu makali ya kwanza mgonjwa huhisi nafuu kwa saa chache. Nafuu hiyo imewadanganya wengi wakairudisha machela nyumbani. Utumbo uliotoboka nao huacha kusukuma, tumbo hufunga na kuvimba, na mwisho wa mambo mgonjwa hufanana na yule aliyesokotwa.

Ngiri ni habari nyingine, tena ndiyo rahisi kuzuia kuliko zote. Askari wengi hubeba uvimbe kinenani kwa miaka, wakiuficha ili wasionekane hawafai kwa kazi. Uvimbe unaorudi ndani mtu akilala hauna haraka. Uvimbe uliokataa kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu, umebana kipande cha utumbo, na hapo ni msokoto ule ule kwa mlango mwingine. Upasuaji wa ngiri kabla haijabana ni kazi ndogo, inayoweza kufanywa kwa sindano ya ganzi. Kizuizi cha zamani kilikuwa bei ya wavu unaoshonewa mahali palipolegea. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya majaribio yaliyofanywa mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302: nusu walishonewa wavu wa kiwandani wenye bei kubwa, na nusu walishonewa kitambaa cha chandarua kilichochemshwa na kusafishwa kwa utaratibu wa hospitali. Baada ya mwaka mmoja, hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili. Kuficha ngiri kwa kuogopa gharama sasa hakuna msingi, na kamanda anayeitumia ngiri kumfukuza mtu kazini anawafundisha wengine kuificha.

Mgonjwa akifika hospitali, watu wanaomsindikiza hushangaa kuona hapelekwi moja kwa moja chumba cha upasuaji. Hushangaa, na wengine hukasirika. Lakini tumbo lililofunga limeteka lita kadhaa za maji ya mwili, na mtu aliyekauka namna hiyo akipewa dawa ya usingizi anaweza kufa kabla kisu hakijamgusa. Kwanza hutiwa maji ya chumvi katika mishipa, haraka na kwa wingi. Mpira mwembamba hupitishwa puani mpaka tumboni ili kuondoa kilichojaa, kwa sababu matapishi yakiingia mapafuni wakati wa usingizi ni mauti. Mpira mwingine huwekwa kwenye kibofu, na muuguzi hupima mkojo: mililita 30 hivi kwa saa kwa mtu mzima ni ishara kuwa damu inazunguka vya kutosha. Dawa za kuua vijidudu huanza kuingia hapo hapo. Yote haya huchukua saa moja mbili, na saa hizo si za uvivu. Kama ipo mashine ya eksirei, picha ya kipinde kilichosokotwa huonekana kama punje kubwa ya kahawa iliyojaza tumbo zima. Katika tumbo lililotoboka, mgonjwa akipigwa picha amekaa au amesimama, mara nyingi mwezi mwembamba wa hewa huonekana chini ya kiwambo cha kifua.

Kwa msokoto wa utumbo mpana ambao bado haujafa, ipo njia isiyohitaji kisu, iliyoelezwa na daktari wa Norway, Bruusgaard, mwaka 1947. Bomba la chuma lenye taa hupitishwa kwa nyuma mpaka penye msokoto, na mpira laini husukumwa kupita hapo. Ukipita, hewa na choo hutoka kwa kishindo, na tumbo hushuka mbele ya macho ya watu. Daktari mwenye uzoefu husimama kando kidogo. Mgonjwa huamka na kuomba chai, na jamaa zake humwona kuwa amepona.

Hajapona. Kipinde kile kirefu kingali mahali pake, na karibu nusu ya watu wa namna hii, au zaidi, husokotwa tena. Kwa hiyo, mpira huo hununua muda tu wa kumtayarisha mtu apasuliwe kwa utulivu na kipinde kiondolewe. Lakini ikionekana damu au maji meusi katika bomba, au tumbo limekuwa gumu, hakuna cha mpira tena, ni kisu.

Daktari hufungua tumbo kwa mkato mrefu katikati, kutoka juu ya kitovu hadi chini yake. Katika hospitali nyingi za wilaya kazi hii hufanywa na daktari wa kawaida aliyejifunza kwa kuitenda, akisaidiwa na muuguzi mmoja na mtu wa dawa ya usingizi. Jambo la kwanza linalotazamwa ni rangi. Utumbo ulio hai ni wa rangi ya waridi, unang'aa, na ukiguswa hujikunyata. Ulioteseka huwa na rangi ya damu ya mzee. Hapo daktari huufunika kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji vuguvugu ya chumvi, na kungoja dakika chache huku akitazama kama rangi inarudi na kama mshipa katika utando unapiga. Hizo ni dakika ngumu kuliko zote katika kazi hiyo. Akiacha kipande kilichokufa, mgonjwa atarudi baada ya siku tatu akiwa na tumbo lililojaa uchafu. Akikata kilicho hai kupita kiasi, mtu atabaki na utumbo mfupi usiomtosha. Ule uliokuwa mweusi au wa kijani, wenye harufu, hauna mjadala, na daktari mwerevu hausokotui kwanza. Huubana pande zote mbili na kuukata jinsi ulivyo, ili sumu iliyofungiwa humo isikimbilie katika damu.

Kisha hubaki swali la kuunganisha. Kama ncha zilizobaki ni nzima na mgonjwa ana nguvu, hushonwa pamoja papo hapo. Kama tumbo lilikuwa limechafuka, au shinikizo la damu ni dogo, mshono huo unaweza kufumuka, na mshono uliofumuka ndani ya tumbo huua. Ndipo ncha ya juu hutolewa nje kwenye ukuta wa tumbo, choo kikapokewa katika mfuko, na ncha ya chini ikashonwa na kuachwa ndani. Njia hiyo ilibuniwa na mpasuaji wa Ufaransa, Henri Hartmann, ambaye aliieleza mwaka 1921 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Askari wengi huiogopa kuliko kifo na hukataa kutia sahihi karatasi ya ruhusa. Wanaokataa hawaelezwi vya kutosha kwamba baada ya miezi michache, mwili ukisha kupata nguvu, ncha hizo huweza kuunganishwa tena na lile tundu la ubavuni likafungwa.

Kwa utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, kazi ni tofauti kidogo. Tumbo lote huoshwa kwa lita nyingi za maji vuguvugu ya chumvi. Utumbo mwembamba hupitishwa mikononi inchi kwa inchi, kwa sababu palipo na tundu moja huenda pakawa na la pili. Kingo zilizooza hupunguzwa na tundu hushonwa. Yakiwa mengi na yamekaribiana, kipande kizima huondolewa. Ngozi ya juu mara nyingi huachwa wazi siku kadhaa ili usaha usifungiwe. Halafu zinafuata wiki za kusafisha kidonda, dawa za sindano na chakula cha kumrudishia mtu nyama mwilini. Hospitali ndogo inayopokea mgonjwa mmoja wa namna hii kwa mwezi huweza kumtunza vizuri. Wilaya iliyopokea 249 katika muda wa miezi 19 ilikuwa katika vita.

Kabla ya hospitali, kambini au kituoni, yanayotakiwa kufanywa si mengi, na yasiyotakiwa kufanywa ni ya hatari. Mgonjwa wa tumbo lililofunga hapewi haluli wala dawa yoyote ya kuharisha, kwani kumsukuma kwa nguvu mtu ambaye njia yake imefungwa ni kuupasua utumbo. Hapigwi bomba la dawa za miti. Hapewi chakula, pombe, wala uji wa kumtia nguvu; midomo ikikauka huloweshwa kwa kitambaa. Zamani ilikatazwa kumpunguzia maumivu kabla hajaonwa na daktari, kwa hofu ya kuficha dalili. Katazo hilo limekwisha achwa, na mganga wa kikosi anaweza kumchoma sindano, ila aandike ni dawa gani na saa ngapi. Saa ndiyo habari kubwa ya kupeleka hospitali: saa maumivu yalipoanza, saa alipotapika mara ya kwanza, siku ngapi za homa. Karatasi yenye mistari mitatu ya namna hiyo humwokolea daktari nusu saa. Mkuu wa kituo akipiga simu au redio mbele, watu wa chumba cha upasuaji huitwa kutoka majumbani mwao wakati gari lingali njiani. Na gari lenye mgonjwa, hata kama ni pikipiki iliyobeba watu watatu kinyume cha sheria, likifika kwenye kizuizi usiku, faini yaweza kungoja hadi kesho yake.

Kuhusu maji, majeshi yamekwisha pata funzo lao kwa gharama kubwa. Katika vita vya Makaburu, tangu 1899 hadi 1902, jeshi la Waingereza lilipoteza kwa risasi na majeraha askari wasiofika 8,000, na kwa maradhi zaidi ya 13,000. Muuaji mkubwa alikuwa homa ya matumbo. Chanjo ilikwisha kuwapo, ikitolewa kwa hiari, na wengi waliikataa. Chanjo za leo ni bora zaidi, na askari anayepelekwa mahali penye maradhi haya apaswa kuipata, lakini haiondoi haja ya kuchemsha maji, kutia dawa katika tangi, kuchimba choo mbali na kijito, na kumwondoa jikoni mpishi mwenye homa. Homa inayozidi siku tatu inahitaji kupimwa. Mtu aliyekwisha kunywa dawa ya malaria na homa ikakataa kushuka si wa kuongezewa dozi ile ile mara ya pili. Katika mlipuko wa Kasese, vijidudu vyote vilivyojaribiwa wakati huo vilishindwa na siprofloksasini. Walakini dawa hizo zikinywewa nusu nusu, au zikinunuliwa dukani bila ya kipimo, vijidudu hujifunza kuzistahimili, kama vilivyokwisha fanya katika nchi nyingi kwa dawa zilizotangulia.

Baada ya upasuaji wa tumbo, askari huweza kurudi kazini. Kovu la katikati ya tumbo huhitaji wiki sita hadi miezi mitatu kabla ya kubeba mzigo mzito, kupanda mlima na shanta, au kucheza gwaride la bunduki begani. Akirudishwa mapema, kovu hulegea na kuwa ngiri mpya. Naye aliyetolewa hewa kwa mpira bila ya kukatwa utumbo hutoka hospitali na karatasi inayosema arudi tarehe fulani kupasuliwa. Karatasi hiyo humfikia karani wa kikosi, nakala ya pili hukaa na mganga wa kambi, na tarehe hiyo huandikwa katika orodha ya zamu, ili asije akapangiwa doria ya mlimani wiki ile ile anayotakiwa kuwapo Bwera au Kagando.